Jua Lilipohamia Upande wa Kigoma

Funguo za karakana nilizirudisha Ijumaa. Jumatatu yake niliamka saa kumi na mbili asubuhi, nikavaa viatu vya kazi, nikafika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba sina pa kwenda. Mke wangu Mwajuma akaniambia nikae chini niandike yale ambayo ninyi vijana wa karakana mnaniuliza kila siku, kuliko kumzunguka jikoni. Basi naandika. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na vyote vilichelewa. Nitawaandikia habari za jua, kwa sababu ndilo lililonilisha na ndilo lililoniaibisha.

Nilikuwa fundi wa redio hapa Rumonge wakati paneli za jua, plaki kama tunavyoziita, zilipoanza kuonekana kwenye mapaa ya maduka. Aliyenifundisha ni Fundi Masudi, mtu wa Uvira, aliyeshuka botini na mabegi mawili, moja la nguo na moja la vyuma. La vyuma ndilo lililokuwa zito. Siku ya kwanza nilitegemea anipe bisibisi. Alinipa kijiti. Alikichomeka katikati ya ua wa karakana, kimesimama wima, akanipa mfuko wa visoda, vile vifuniko vya chupa, alivyokusanya kwenye baa ya jirani, ingawa yeye mwenyewe hakunywa hata tone. Kazi yangu ilikuwa kuweka kisoda kimoja pale kivuli cha kijiti kinapoishia saa sita za mchana, kila Jumatatu, mwaka mzima. Nilimwona mzee amechoka akili.

Sisi wa mwambao huu ukituuliza jua linatoka wapi tunajibu milimani, na linazama wapi, Kongo, na mazungumzo yameisha. Lakini visoda vilinionyesha mengine. Mwezi wa Juni vilijipanga kusini mwa kijiti, mbali. Kisha vikaanza kurudi, kimoja kimoja, na mwanzoni mwa Oktoba kivuli cha saa sita kilinasa chini ya kijiti chenyewe, jua likiwa juu ya utosi. Desemba vilikuwa vimevuka upande wa pili, kaskazini. Halafu mwanzoni mwa Machi vikarudi tena chini ya kijiti. Ndiyo kusema kwa miezi kama saba jua la mchana linatupitia kaskazini, upande wa Bujumbura, na kwa miezi kama mitano linatupitia kusini, upande wa Kigoma. Hata kuzama, Juni linaelekea upande wa Uvira na Desemba linaelekea Kalemie. Nilikuwa nimeishi chini yake miaka yote hiyo bila kuliangalia.

Masanduku ya kwanza ya plaki yalikuja na kijitabu cha Kifaransa kilichosema zielekezwe kusini. Aliyekiandika alikuwa anaishi mahali ambapo jua halijawahi kumpitia kaskazini. Masudi alikikunja akakitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba, na huko kilifanya kazi nzuri kwa miaka mingi. Sisi tulielekeza kaskazini, kwa ile miezi saba, tukizilaza kidogo tu ili ile mitano nayo ipate chake na mvua iweze kuosha vumbi. Na kila kazi mpya Masudi alinirudia kwa maneno yale yale: "Mimi si mutu wa Noeli. Lakini mbele ya kufunga plaki, jiulize siku ya Noeli jua itapita wapi."

Baada ya yeye kurudi kwao Uvira, niliendelea peke yangu na testa, dira, kamba ya mita ishirini na kitambaa laini. Kitambaa msikidharau. Kule Minago, mashine za kukamulia mawese zinatoa moshi unaoganda kwenye kioo cha plaki, na mwenye duka mmoja nilimwambia azioshe kila wiki. Akaziosha kwa sufi ya chuma ya kusugulia sufuria. Nilipofika alinionyesha kwa fahari jinsi zilivyong'aa, na kweli ziling'aa, mikwaruzo mitupu. Kosa lilikuwa langu, nilisema zioshwe na sikusema kwa nini.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe, lile ambalo mmelisikia vipande vipande.

Kusini ya Kigwena, barabara ya Nyanza-Lac, kuna kituo cha afya kidogo ambacho jina lake nitalihifadhi. Mradi mmoja ulikipa frigo ya chanjo ya kutumia jua, nami nikapewa kazi ya kufunga. Ilikuwa Juni, vumbi tupu, na wageni wa mradi walitaka kukata utepe kabla hawajapanda ndege. Paa la kituo lilikuwa limeliwa na mchwa, halikuweza kubeba plaki, kwa hiyo nikaamua kuzijengea kitanda cha chuma uani. Ua ulikuwa wazi, na upande wa kusini ulipakana na mstari wa michikichi mirefu ya mama mmoja jirani. Katikati ya ua walikaa akina mama na watoto wao wakisubiri kupimwa uzito. Sikutaka kuwanyang'anya nafasi yao. Kwa hiyo kitanda nikakisogeza pembeni kabisa, karibu na michikichi, mita tatu hivi. Kivuli cha miti kiliangukia upande wa pili, shambani kwa mama jirani, na juu ya plaki zangu jua lilimwagika tangu asubuhi hadi jioni. Nilijipongeza. Sikuchomeka kijiti wala sikujiuliza habari za Noeli.

Titulaire wa kituo, yaani muuguzi mkuu, alikuwa mama wa makamo kutoka Bururi, jina lake Goreth. Hakupenda maneno mengi. Asubuhi na jioni alisoma kipimajoto cha frigo na kuandika namba kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pake, kwa mwandiko wa kishule, na hakuwahi kuruka siku. Juni mpaka Oktoba namba zake zilikuwa safi.

Desemba niliitwa. Frigo ilikuwa imepata joto kwa siku nne mfululizo na chanjo zilikuwa zimeharibika. Nilikuta mvua ya siku tatu na wingu zito lililokaa juu ya michikichi. Nilipima kila waya. Hakuna kilichokatika, batiri zilikuwa nzima ila tupu kabisa. Kijijini walikuwa wameshapata jibu lao: titulaire anachaji simu za watu kwa umeme wa chanjo. Nilifungua droo ya meza yake, nikakuta chaja tano na waya wa kuunganishia.

Goreth alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Hizi niliwanyang'anya, Fundi. Walikuwa wanakuja kuchomeka wakati niko na wagonjwa. Mimi sikuchaji telefone ya mutu."

Sikumwamini. Naandika hivyo bila kuzunguka, kwa sababu miaka yote hiyo nimetafuta namna nzuri zaidi ya kulisema na sikuipata. Mbele yangu palikuwa na chaja tano na mwanamke mmoja, na kitanda nilichokijenga mimi kilikuwa kinanipendeza. Chini ya wingu lile hapakuwa na kivuli chochote cha kuniambia nimekosea. Niliandika raporo nikiwa nimeegemea pikipiki, mstari mmoja na nusu: mitambo mizima, batiri zimemalizwa na matumizi yasiyoruhusiwa. Nikasaini, nikavaa koti la mvua, nikaenda zangu.

Januari, kwa raporo hiyo, Goreth alisimamishwa kazi. Frigo ikazimwa, na chanjo zikawa zinaletwa kwenye sanduku la barafu siku za chanjo tu, mpaka Machi, ambapo kituo kingeletewa titulaire mpya na chanjo nyingine za kuweka. Wale akina mama walikuwa wanasema Goreth aliwadunga watoto wao dawa iliyooza kwa sababu umeme wake aliuchajia simu. Yeye alihamia Minago kwa dada yake, akawa anachemsha ngazi, yaani matunda ya mchikichi, kwenye mashine ya mawese.

Mwisho wa Januari nilikuwa nyumbani. Mwajuma anaanika ndagala, yaani dagaa, ufukweni, kwenye vichanja vya wavu, na mapema mchana akaniita nimsaidie kuvisogeza. Tunavisogeza kila mwaka, kwa kawaida kabla ya Desemba, ila mwaka ule ndagala ziliadimika na vichanja vilikaa bila kazi. Miaka mingi nimebeba vichanja vile, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine, kuvitoa karibu na ukuta wa ghala la jirani na kuvipeleka mita mbili tatu mbele. Machi tunavirudisha. Siku hiyo tu, sijui kwa nini, nilimuuliza hii safari ya kila mwaka ni ya nini.

Alinitazama kama mtu anayetaniwa. "Jua iko imehamia Kigoma," akasema. "Ukuta unanitupia kivuli, ndagala zinaoza. We si ndiyo fundi wa jua?"

Nilikishusha kichanja. Ukuta ulikuwa kusini, na kivuli chake kimelala juu ya mchanga pale pale ambapo Juni palikuwa panaunguza nyayo. Akilini niliona michikichi ya kule kituoni, mmoja mmoja, na kitanda changu cha chuma mbele yake. Nilikaa kwenye mchanga mbele ya wateja wa mke wangu. Mwajuma alidhani ni presha.

Kesho yake anga lilikuwa safi, nikaenda kituoni. Saa tatu asubuhi kivuli cha makuti kilikuwa kimefunika safu ya juu ya plaki, na hakikuondoka. Kilitambaa kutoka mti huu hadi mti ule, mpaka saa tisa. Ninyi mnajua plaki zikiunganishwa mfululizo zinavyofanya: ukifunika moja, zote zinanyong'onyea. Tena hiyo ilikuwa Januari inaisha. Desemba kivuli kilifika mbali zaidi, labda kilizifunika zote. Ndani, kwenye mlango wa frigo, karatasi za Goreth zilikuwa bado zimebandikwa. Tangu katikati ya Oktoba namba zilikuwa zimepanda kidogo kidogo, wiki kwa wiki, na zile siku nne za mwisho alikuwa amezizungushia wino mwekundu yeye mwenyewe, na pembeni ameandika kwamba chanjo zote amezitoa. Mtu mwenye la kuficha angeandika namba nzuri. Nililia, si kidogo.

Halafu nikaelewa jambo jingine, na machozi yakakauka kwa hofu. Jua lilikuwa linarudi. Mwanzoni mwa Machi lingevuka utosi na kupita tena upande wa Bujumbura, na michikichi ingeacha kuzigusa plaki. Machi hiyo hiyo ndiyo titulaire mpya angewasha frigo. Ingefanya kazi vizuri kabisa, na kila mtu angesema, mmeona, tangu yule mama aondoke. Ushahidi wa Goreth ulikuwa umebakiza wiki tano.

Daktari mkuu wa distrikti alinipokea vizuri. Alikuwa mtu mwenye haki, ila amechoka. Aliweka raporo yangu ya Desemba na ile mpya niliyomwandikia kando kwa kando juu ya meza.

"Zote mbili ziko na signature yako," akasema. "Mimi niamini gani?"

Nilimwomba aje aone kwa macho yake, mchana wa jua, kabla ya Machi. Alinipa siku, baada ya wiki mbili. Siku hiyo akaitwa mkutanoni Bujumbura. Akanipa nyingine, ikanyesha toka alfajiri. Mimi huku nilikuwa nakwenda mara tatu kwa wiki, na kila saa sita jua likiwepo naweka kisoda kwenye ncha ya kivuli cha mti mrefu kuliko yote. Mstari ulikuwa unarudi nyuma kuelekea michikichi. Sijawahi kulichukia jua kwa sababu ya kwenda kwa wakati wake, ila mwezi ule nililichukia.

Alipokuja hatimaye, Februari ilikuwa imebakiza siku chache. Kivuli kilikuwa kinagusa ukingo tu wa plaki za juu, upana wa kiganja. Nilimwonyesha kwenye testa jinsi umeme unavyoshuka hata kwa kiganja hicho. Nilimwonyesha visoda vyangu. Alivitazama kwa muda mrefu, akauliza kitu ambacho nami ningeuliza: atajuaje kwamba sikuviweka nilipotaka?

"Weka chako mwenyewe, Daktari," nikamwambia. "Urudi siku ya tatu."

Alikiweka. Alirudi siku ya tatu, na sikutegemea. Kivuli kilikuwa kimekiacha kisoda chake kwa shubiri moja kuelekea kusini. Alichuchumaa na suruali yake ya kazi ya ofisini, akapima kwa vidole vyake, akapima tena. Kisha akasimama akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini akirudi kinyumenyume, siku tatu, siku sita, wiki, mwezi, akiufuata mstari wa visoda vyangu ulioingia chini ya plaki, mpaka mgongo wake ukagonga kitanda cha chuma. Akageuka akazitazama plaki. Aliniomba kalamu, akaandika papo hapo uani kwamba Goreth arudi kazini.

Barua hiyo niliipeleka Minago mwenyewe. Nilimkuta Goreth kwenye mashine, mikono imejaa mawese mpaka kwenye viwiko, hakuweza kuishika, kwa hiyo nilimsomea. Nilimweleza yote, habari za Juni na Desemba na michikichi, nikamwomba radhi. Aliendelea kuuchochea moto chini ya pipa la ngazi. Nilidhani hanisikii.

"Ile raporo ya kwanza uliandika kwa dakika ngapi?" akauliza.

Nikasema labda kumi.

Akatikisa kichwa polepole. "Murakoze, asante kwa barua. Lakini barua itakaa mu tiroir, mu droo ya Daktari. Mimi hawakunifukuza kwa barua, Fundi. Walinifukuza kwa midomo. Kuna bamama walikuwa wananipita njiani wanafunika batoto babo uso." Akanitazama mara ya kwanza. "Utakuja siku ya chanjo. Utasema hapo mbele yabo, wewe, na kinywa chako."

Nilikubali. Njia nzima ya kurudi Rumonge nilikuwa natafuta udhuru.

Kwanza nilihamisha kitanda. Nilikipeleka upande wa kaskazini wa ua, mbali na mti wowote, na safari hii nilichomeka kijiti na kuchora Juni na Desemba ardhini kabla sijachimba shimo la kwanza. Mabenchi ya akina mama tuliyapeleka kusini, chini ya michikichi. Yule mama jirani alisema alishangaa tangu mwanzo kwa nini vyuma vinakaa kivulini na watoto wanakaa juani, ila hakuna aliyemuuliza.

Siku ya chanjo mabenchi yalijaa. Goreth alikuwa amekaa nyuma ya meza yake uani, koti jeupe limepigwa pasi, kadi zimepangwa, mizani imening'inia tayari. Mbele ya meza hapakuwa na mtu. Akina mama walikuwa na watoto wao mapajani na migongoni, wakitazama kwingine, wanasubiri labda titulaire mwingine atatokea ndani.

Nilisimama katikati. Niliwasalimia, amahoro, nikasema jina langu. Nikawaambia kwamba frigo niliifunga mimi, nikaiweka mahali ambapo jua la Noeli halifiki, na kivuli ndicho kilichoua chanjo. Nikasema Goreth hakuchaji simu hata moja, aliwanyang'anya waliochaji. Kwamba aliyegundua dawa zimeharibika akazitupa ni yeye, na aliyeandika kwamba ni mwizi ni mimi, na niliandika bila kutazama juu.

Mtoto mmoja alikohoa. Goreth hakuniangalia, alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Kisha mama mmoja wa benchi la mbele, kijana, na kitenge cha njano, akainuka. Alinipita bila kunitupia jicho, akafika mezani, akamfungua mwanawe mgongoni, akamkabidhi Goreth mikononi.